Impreza ya Kundi N kutoka Mtwara: shajara ya mradi

Hii ni shajara ya gari moja, Subaru Impreza WRX STI Type RA ya mwaka 1999, bodi ya GC8, tunayoijenga hapa Mtwara mjini iweze kuingia rali kwenye darasa la magari ya kiwandani, yaani Kundi N. Naiandika kwa ajili ya mafundi wa Mtwara, Lindi, Masasi na kwingineko wanaoambiwa kila siku kwamba ukifunga vitu orijino vya STI, kitengo cha mashindano cha Subaru, huna tatizo na wakaguzi. Tatizo lipo, na limekula pesa za watu. Kila hatua ikiisha nitaongeza tarehe yake. Bei zote ni kwa shilingi, usafiri ukiwemo.

Januari 14, 2024: Gari na karatasi yake

Gari tumelinunua Dar es Salaam kwa 14,500,000 na tukaliendesha hadi hapa kwa barabara ya Kilwa. Mafuta na tairi moja lililopasuka karibu na Nangurukuru vimekula 650,000. Injini ni nzima, bodi imenyooka, na tundu la hewa juu ya paa ni la kiwandani. Hilo la paa lilikaguliwa kabla ya pesa kutoka, kwa sababu wapo wanaokata paa la WRX ya kawaida, wanabandika tundu na kuliuza gari kama RA. Ukishusha kitambaa cha dari utaona kwa macho: bati la kiwanda limekandamizwa kwa mashine na mkunjo wake ni laini pande zote, la mtaani lina alama za grainda na silikoni.

Ila kabla ya gari tulinunua karatasi. Nakala ya karatasi ya homologesheni ya modeli hii, hadi kufika mkononi, imetugharimu 200,000, na hakuna pesa iliyotumika vizuri kuliko hiyo. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari la mashindano. Kiwanda kinapotaka gari lake liruhusiwe, kinapeleka FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, maelezo ya kila kitu: kipenyo cha pistoni, uzito wa flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), meno ya gia, vipimo vya diski za breki, pamoja na picha za bodi na injini. FIA ikishajiridhisha kwamba magari ya namna hiyo yametengenezwa kweli kwa idadi inayotakiwa, karatasi inapewa namba. Kundi N lilipoanza mwaka 1982 idadi ilikuwa magari 5,000 yanayofanana ndani ya miezi 12. Baadaye ikashushwa hadi 2,500. Kundi B la miaka hiyohiyo lilitaka magari 200 tu, na ndiyo maana magari ya Kundi B yalikuwa ya ajabu na ya Kundi N yanafanana na yale tunayoyaona barabarani.

Baada ya kurasa za msingi huja kurasa za nyongeza, na hapa ndipo watu wengi hupotea. ET ni mabadiliko ya modeli yenyewe. VF ni kipande kilekile kutoka kwa msambazaji mwingine. VP ni tofauti ya uzalishaji. ER ni masahihisho ya makosa ya uandishi. VO ni vipande vya hiari. Fundi akiona kipande kimo kwenye ukurasa wa VO anafurahi, lakini VO nyingi ni za Kundi A, lenye uhuru zaidi wa kurekebisha gari. Kwenye Kundi N zinakubalika za aina chache zilizotajwa, keji (fremu ya bomba inayowalinda walio ndani gari likipinduka) zikiwa mojawapo.

Juu ya yote kuna kanuni moja katika Kiambatisho J cha FIA, yaani kanuni za ufundi za magari, kifungu cha 252: marekebisho yoyote ambayo hayajaruhusiwa waziwazi yamekatazwa. Usiulize "wapi wamekataza?" Uliza "wapi wameruhusu?" Tumeiandika kwa chaki ukutani gereji, juu ya benchi.

Mawili zaidi kuhusu gari hili. Homologesheni hudumu miaka 7 baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza modeli. GC8 iliachwa 2000, kwa hiyo kimataifa muda wake umeshapita. Rali tunayoilenga ni ya ndani ya nchi, na kanuni zake za nyongeza zinalipokea gari lililoisha muda mradi lifanane na karatasi yake ya mwisho. Waulize waandaaji wa mashindano yako kabla hujanunua hata nati. La pili ni darasa: injini ni ya sentimita za ujazo 1,994, lakini yenye tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) huzidishwa kwa 1.7, kwa hiyo inahesabiwa kama 3,390. Hiyo ni N4, darasa la zaidi ya 2,000, pamoja na akina Mitsubishi Lancer Evolution.

Kwa anayedhani Kundi N ni la wanyonge: Safari Rally ya 1994, Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne kwa jumla akiwa na Impreza WRX RA ya Kundi N.

Februari 4: Vilivyotolewa

Mwenye gari wa zamani alikuwa na mkono wa kutoa. Alifunga vitu vizuri, vingi vyenye nembo ya STI, kitengo kilichoanzishwa 1988. Tumepitia kimoja kimoja tukiwa na karatasi mezani.

Flaiwili nyepesi ya STI. Ni ya kiwandani kabisa, na ukiishika unajua mara moja kwamba si ya kawaida. Injini yake inapanda mizunguko haraka, inapendeza. Lakini Kundi N linadai flaiwili ya karatasi, na uzito wake wa chini umeandikwa. Imetoka, tumefunga ya kawaida ya mtumba kwa 180,000. Sasa angalia diski ya klachi iliyo mbele yake: hiyo ni huru, uzito ukiwemo, mradi idadi ya diski isibadilike. Kwa hiyo flaiwili ya Subaru yenyewe ni haramu, na diski ya klachi ya kampuni yoyote duniani ni halali. Tumeweka diski ngumu ya 420,000. Anayeelewa jozi hii ya vipande ameelewa Kundi N zima.

Breki za Brembo. Zimetoka kwenye STI ya bodi iliyofuata, GDB. Ni za Subaru, zinashika sana, na ukizitaka ubaki nazo unahitaji rimu kubwa ya inchi 17. Hazimo kwenye karatasi ya GC8. Dogo wangu wa gereji aliuliza, na ni swali la haki, "Bosi, tunatoa breki nzuri tunaweka mbaya?" Si mbaya. Kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni nne zilizozaliwa na gari hili zinatosha, na pedi ni huru kabisa. Kalipa za mtumba 380,000, pedi za mashindano 290,000. Brembo tumeziuza 1,400,000 kwa kijana wa Dar mwenye gari la mtaani.

Hita. Ilikuwa imeng'olewa yote, na katika joto la Mtwara hakuna atakayeilaumu mikono iliyoing'oa. Kanuni inasema kiyoyozi kinaweza kutolewa lakini mfumo wa joto lazima ubaki. Ukishaingia msitu wa Udzungwa alfajiri wakati wa mvua, kioo kikajaa ukungu, utaelewa kwa nini. 150,000 kwa hita, mabomba na feni yake.

Vikombe vya juu vya shokapu vya alumini vyenye bolijointi, vya kampuni ya pembeni. Vimetoka. Mbadala wake ninaueleza mwezi wa nne.

Machi 10: Bomba za keji

Hapa tulisimama wiki kadhaa. Kifungu cha 253 cha Kiambatisho J kinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye uwezo wa kuvutwa usiopungua niutoni 350 kwa milimita ya mraba. Upinde mkuu nyuma ya viti uwe wa kipenyo cha milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba zilizobaki 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0.

Maduka ya vifaa vya ujenzi hapa yana bomba la inchi moja na nusu, milimita 48.3 kwa nje. Muuzaji alitupa neno lake kwamba halina mshono. Tulichukua ya 240,000. Tulipokata kipande na kukisafisha ndani kwa msasa, mstari wa kuchomelea ulionekana wazi, mwembamba, ukikimbia urefu wote wa bomba. Kwa nje kiwanda kilikuwa kimeusaga hadi hauonekani. Jaribio rahisi: kata pete ya sentimita tatu, isafishe ndani, kisha ibane kwenye jiriwa hadi ibonyee. Ya mshono mbaya hufunguka palepale. Ya kwetu ilifunguka.

Bomba zile sasa ni fremu ya banda la gereji. Nyingine zimeagizwa Dar, zina cheti cha chuma, 45 kwa 2.5 na 40 kwa 2.0, pamoja na bati la milimita 3 la vikalio, yaani vipande vya bati vinavyokaa sakafuni chini ya miguu ya keji: 1,350,000.

Vikalio viwe na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120 kila kimoja. Kama keji ni ya boliti, ziwe angalau tatu za M8 daraja la 8.8 kila mguu. Kabla ya kuweka vikalio tulikwangua rangi ya sakafu. Gari lililokaa pwani, hata likioshwa, hukusanya chumvi kwenye maungio ya sakafu, na miguu ya keji inakalia palepale. Tulikuta kutu upande wa dereva, tukakata hadi chuma kizima na kuchomelea kipya chenye umbo lilelile.

Ramadhani inaanza wiki hii. Kazi za jioni zinasimama mpaka baada ya Idi.

Aprili 21: Raba ngumu

Keji imechomelewa, 900,000 pamoja na kukunja. Tuliokolewa na mashine ya kukunjia ya karakana moja inayofanya kazi za mabomba ya gesi.

Tumefunga raba za STI za Kundi N: za injini, za giaboksi na za juu ya shokapu. Jumla 1,280,000 kutoka Japani. Hivi ndivyo vipande vya kiwandani vinavyostahili pesa yako. Umbo na matundu ya boliti ni yaleyale ya kawaida, raba ndiyo ngumu zaidi. Kanuni zinaacha mali ya raba ya kushikilia injini iwe huru ila idadi ya vishikizo ibaki ileile, na STI walitengeneza bidhaa inayoingia hasa kwenye nafasi hiyo. Mkono wa gia umeacha kucheza ukikanyaga na kuachia mafuta. Injini sasa inatetemesha dashibodi ikiwa imesimama, uzoee.

Mei 12: Mzigo umekwama

Kimbunga Hidaya kilifika pwani Mei 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar na Lindi huko Kilwa, maeneo ya Somanga. Mabasi na malori yakakaa. Shokapu zetu zilikuwa njiani. Hatimaye zimezungushwa Makambako, Songea, Tunduru, Masasi, ndipo zikafika hapa. 2,600,000 pamoja na springi na gharama ya mzunguko huo.

Shokapu ni huru kwenye Kundi N mradi idadi, aina na sehemu zinapofungwa zibaki za asili. Springi pia. Kwa hiyo hapa usibane pesa, ndipo sekunde zilipo kwenye barabara za vumbi.

Wakati tunasubiri tumefunga viti na mikanda, 3,100,000. Kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999 kinaishi miaka 5 tangu kutengenezwa. Soma lebo yake kabla hujalipa. Vingi vinavyouzwa mtumba vimeshakufa kikanuni.

Juni 23: Gia

Udhaifu wa giaboksi ya GC8 unajulikana, hasa gia ya tatu. Muuzaji mmoja alituuzia seti mpya ndani ya boksi la STI, namba ya kipande imeandikwa, nailoni haijachanwa, 2,900,000. Alisema ni za RA.

Kanuni ya giaboksi katika Kundi N ni nzuri kwa mjenzi: ndani ni huru, lakini idadi ya meno na uwiano wa karatasi lazima vibaki. Maana yake unaweza kuweka gia za meno yaliyonyooka, za kuingia bila klachi, mradi hesabu ya meno ilingane na karatasi.

Nilizipeleka kwa mzee mmoja wa Chikongola ambaye maisha yake yote amefungua giaboksi za malori.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikafungua boksi mezani kwake. Hakuangalia boksi kabisa. Alichukua chaki, akapaka jino moja la gia ya tatu, akaanza kuzungusha kwa kidole gumba huku akihesabu kwa sauti ya chini, akifika kwenye chaki anarudia upya upande wa pili. Kisha akahesabu gia mwenza wake. Ugawanye meno ya inayosukumwa kwa meno ya inayosukuma. Simu ikatoa 1.366. Karatasi ya RA inasema gia ya tatu ni 1.545.

"Hizi ni za gari la kawaida," akasema. "Boksi wameandika wao. Meno yanasema yenyewe."

1.366 ndiyo gia ya tatu ya WRX ya kawaida. RA ina gia zilizokaribiana: 3.083, 2.062, 1.545, 1.151, 0.825. Ya kawaida ni 3.454, 1.947, 1.366, 0.972, 0.738. Kwa barabara ya lami ndefu ya kwenda Masasi za kawaida zinafaa. Kwa vumbi lenye kona, RA inakuweka kwenye nguvu ya tabo kila unapobadilisha. Hata kama tungetaka kukaa na hizo mpya, mkaguzi hahitaji kufungua giaboksi. Anainua gari, anaweka gia, anazungusha injini kwa mkono na kuhesabu gurudumu limekwenda mizunguko mingapi. Akishaujua uwiano wa difu, dakika kumi zinamtosha.

Muuzaji alikataa kurudisha pesa kwa sababu boksi limefunguliwa. Seti imeuzwa 2,000,000 kwa mtu wa Lindi anayejenga WRX ya kawaida, na kwake ni seti halali kabisa, maana ndizo za karatasi ya gari lake. Sisi tumepata za RA za mtumba, meno mazima, 2,300,000, na zimehesabiwa mezani kwa mzee kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kwa yeyote anayenunua gia: omba picha ya kila gia ikiwa imelala, uhesabu meno kwenye skrini. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Julai 28: Restrikta

Restrikta ni pete inayobana hewa kabla ya kuingia kwenye tabo, na ndiyo inayosawazisha magari ya N4. Kanuni tunazofuata zinataka tundu lisilozidi milimita 32, lidumu kwa urefu usiopungua milimita 3, na liwe ndani ya milimita 50 kutoka kwenye mabawa ya kompresa. Kipenyo cha nje sehemu hiyo nyembamba kiwe chini ya milimita 38, na kibaki hivyo kwa milimita 5 kila upande. Hewa yote inayolisha injini ipite hapo. Ifungwe kwenye nyumba ya kompresa kwa namna ambayo huwezi kuitoa bila kutoa skrubu mbili kabisa, na skrubu zenyewe zitobolewe vichwani kupitisha waya wa lakiri.

Fundi wa kerezo alikereza ya kwanza kwa alumini, tundu 32.00 safi. Ikiwa baridi, kipimo cha 32.02 kilikataa kupita. Tukaifunga, tukaendesha injini hadi ikapata joto kamili, tukaifungua na kupima upya haraka: kipimo kikazama ndani. Alumini inapanuka. Tundu la milimita 32 hukua kama milimita 0.07 kwa kila nyuzi 100 za joto, na kanuni inasema kipenyo kiheshimiwe katika hali yoyote ya joto. Mkaguzi akikukuta mwisho wa hatua ya rali, injini inafuka, gari lako halali la asubuhi ni haramu la mchana. Ya pili imekerezwa 31.90. Ikiwa moto inafika 31.97 hivi, chini ya 32. Nguvu iliyopotea hata dereva hawezi kuihisi. Zote mbili pamoja na alumini: 180,000.

Kisha jaribio la kuziba. Unaziba mdomo wa restrikta kabisa, injini lazima izime. Yetu haikuzima. Ilikohoa, ikashuka mizunguko, ikaendelea kujivuta. Maana yake kuna hewa inayoingia baada ya restrikta, na mbele ya mkaguzi hilo ni jambo zito hata kama halikukusudiwa.

Tulianzia kwenye mshukiwa wa kwanza, raba za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Sabuni ya maji haikuonyesha povu injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Tukazifungua moja moja na kuzikunja mkononi. Raba ya kuingilia throto (mlango wa hewa wa injini) ilikuwa na ufa chini ya klipu, umefichwa na chuma, unaofunguka tu ukiikunja. Ikiwa na presha klipu inaubana, ikivutwa na injini inaufungua. Raba zote zimebadilishwa, za kawaida za kiwandani, 210,000. Ukiziba sasa injini inazima papo hapo.

Ukali wa wakaguzi kwenye pete hii una historia. Mwaka 1995, kwenye rali ya Catalunya, wakaguzi wa FIA walikuta restrikta za Toyota Celica GT-Four za timu ya kiwanda zimejengwa zihame zikishafungwa, zikiacha upenyo wa hewa pembeni ya tundu la milimita 34, na ukilegeza klipu kukagua zinarudi mahali pake na kuonekana halali. Timu iliondolewa kwenye mashindano ya dunia kwa miezi 12 na pointi za msimu zikafutwa. Kile kilikuwa kipande cha kiwandani, kimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, na wahandisi waliokitengeneza walijua fika. Mimi nampenda Toyota na bado jambo lile linaniuma.

Septemba 8: Vumbi

Tumejaribu gari kwenye shamba la mikorosho nje ya Nanguruwe, kwa ruhusa ya mwenye shamba, kabla wavunaji hawajaingia. Barabara za umma hatugusi.

Injini, gia na breki viko sawa. Ngao ya chini ya injini, ambayo kwa rali inaruhusiwa, ilikuwa karibu mno na ekzosi na ikaanza kupiga. Imeshushwa kwa washa nene. 260,000 pamoja na kuitengeneza.

Kilichotupa kazi ni minara ya shokapu ya mbele, sehemu za bodi ambamo vichwa vya shokapu hufungwa. Baada ya matuta ya mchanga mkavu tuliona rangi imepasuka kuzunguka mnara wa kushoto, nywele tu, lakini chuma kilishaanza kujongea. Kuimarisha kunaruhusiwa kwa sharti: bati la nyongeza lifuate umbo la asili na liguse. Fundi wa kuchomelea alitengeneza kitu kizuri sana, pembetatu iliyosimama kutoka mnara hadi ukuta wa moto (bati linalotenganisha injini na dereva), katikati wazi. Ni imara na imenyooka, lakini haigusi umbo la asili, kwa hiyo ni kiungo kipya cha bodi. Ilibidi ikatwe. Ya sasa ni bati la milimita 1.5 lililogongwa kwa nyundo ya mbao juu ya mnara wenyewe hadi likalala kama ngozi, kisha likachomelewa kwa nukta. Ukipitisha wembe ukingoni hauingii.

Oktoba 13: Ukaguzi wa majaribio

Mkaguzi mwenye leseni alikuwa Mtwara kwa shughuli zake akakubali kulipitia gari bila kuandika chochote rasmi. Alianza na karatasi, akaikunja ukurasa wa picha na kusimama mbele ya boneti akilinganisha. Alizungusha gurudumu kuhesabu gia. Aliziba restrikta. Alipitisha kioo kidogo chini ya minara. Alipofika kwenye injini akauliza uthibitisho wa flaiwili. Tulikuwa na picha yake juu ya mizani, namba ikisomeka, kabla haijafungwa. Akasema angependa kila mjenzi afanye hivyo.

Alikuta mawili. Nanga ya mkanda wa msaidizi wa dereva upande wa nyuma ilikuwa na pembe kali mno kushuka kutoka begani, na tumeihamishia kwenye bomba la kati la keji. Pia skrubu moja ya restrikta ilikuwa na tundu la lakiri lililozibwa na rangi. Dakika tano za drili.

Hesabu mpaka leo: zimetoka 32,090,000. Zimerudi 3,750,000 kwa kuuza Brembo, gia za boksi na flaiwili nyepesi iliyokwenda 350,000. Gari limesimama 28,340,000, na kazi yetu wenyewe haimo. Pesa iliyopotea moja kwa moja ni 900,000 kwenye gia, bomba zenye mshono, na siku za fundi wa minara.

Kilichobaki ni rangi, namba na kulipeleka gari Dar kwa trela. Karatasi ya kupimia restrikta na vipimo vya vikalio vya keji nimevichora kwa ukubwa halisi. Anayejenga GC8 Kusini apite gereji achukue nakala, aje na karatasi ya homologesheni ya gari lake tulinganishe kabla hajanunua kipande chochote.